INJINI NAYO HUPUMUA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwalimu mlezi wa chama chetu alituonya mapema kwamba jarida la mwaka huu halitaki tena insha za ajali. Alisema kila mwaka anasoma matatu ile ile ikibingirika, dereva ni yule yule mlevi, na mwandishi anazinduka hospitalini akiwa amezungukwa na wauguzi waliovaa mavazi meupe pe pe pe. Tuliangua kicheko, maana kila mmoja wetu amewahi kuzinduka hivyo mara mbili tatu ili apate alama. Akasema, "Andikeni jambo ambalo mikono yenu inalijua." Nikaitazama mikono yangu. Chini ya kucha bado palikuwa na oili ya likizo ya Agosti. Basi, msomaji mpendwa, leo tuingie chini ya boneti.

Najua wapo watakaoguna kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza injini. Waende Kalundu wakasikilize. Mafundi wa pale hueleza injini tangu asubuhi hadi jioni kwa Kiswahili na Kikamba, na magari yanapona. Mimi nitayatumia maneno kama wanavyoyatamka wao: ringi, sili, gasketi, manifodi. Pale ambapo hata wao hawana neno nitaeleza kwa maneno mengi. Ile nafasi iliyo chini ya pistoni, ambamo krenki huzungukia na oili hukaa, nitaiita tumbo la injini. Jina hilo ni langu, mwenye bora alilete toleo lijalo.

Gari lenyewe ni la baba. Ni Toyota Corolla lililotengenezwa Japani mwaka 1994, aina ile ambayo kila mtu hapa huiita "handredi". Injini yake ni ya 5A-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,498. Baba hulitumia kama teksi, na msimu wa ndengu hulitumia kama lori, jambo ambalo mama hulilalamikia kwa sababu viti vya nyuma vimejaa vumbi la magunia. Karo yangu hutoka ndani ya gari hilo. Likilala, nami huenda nikalala nyumbani.

Mwezi wa Februari lilianza kuvuja oili mahali injini inapokutana na gia. Fundi alishusha gia, akabadilisha sili ya krenki. Wiki tatu hazikuisha, tone likarudi. Akashusha tena, akasema sili ya kwanza ilikuwa feki. Ya pili nayo ikavuja. Kufikia Julai gasketi ya kifuniko cha juu, kile mafundi wanachokiita tapeti kava, ilikuwa inatokwa na jasho pande zote. Dipstiki ilikuwa inajisukuma yenyewe kutoka mahali pake kama kuku anayechungulia kikapuni. Baba alikuwa anaongeza lita nzima ya oili kila wiki. Mwishowe fundi akafuta mikono akasema, "Mzee, hii gari imeisha ringi. Tufungue injini tu." Bei: shilingi 48,000.

Baba hakujibu kitu. Alirudi nyumbani akasimama karibu na zizi. Tuna ng'ombe wawili wa plau, na kila mkulima wa Kitui anajua kwamba ukiuza mmoja umewauza wote wawili, kwa kuwa anayebaki hawezi kuvuta plau peke yake. Na mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ng'ombe akiuzwa Agosti, Novemba ni jembe la mkono kwa kila aliye na mgongo.

Hapo ndipo nilipoenda kwa mzee mmoja fundi mwenye kibanda cha mabati, ambaye likizo huniruhusu kumwoshea vipuri. Nilimweleza habari yote. Hakuuliza kilomita wala mwaka wa gari. Aliuliza, "Oili nimesikia inatokea wapi. Na hewa je, inatokea wapi?" Nikabaki nimeduwaa. Hewa gani tena?

Hewa ya tumboni

Silinda huvuta hewa na petroli, pistoni ikapanda ikakandamiza, plagi ikapiga cheche, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hayo tumeyasoma sote. Jambo ambalo sikuwa nimelisoma ni kwamba moto huo hausukumi pistoni peke yake. Pembeni mwa pistoni kuna ringi, yaani pete za chuma za kuziba nafasi kati yake na ukuta wa silinda. Kila ringi imekatwa mahali pamoja, ikaachwa na mwanya mdogo sana, ili ikipata joto na kutanuka isikwame. Kwenye mwanya huo na pembeni mwake, gesi kidogo hupenya kila mara silinda inapowaka, ikashuka tumboni. Injini mpya hupenyeza kidogo, injini nzee hupenyeza zaidi, lakini hakuna injini ya pistoni isiyopenyeza kabisa.

Gesi hiyo ina mambo matatu mabaya. Kwanza ina petroli ambayo haikuungua, na petroli ikiingia kwenye oili huifanya nyepesi. Pili ina moshi wenye asidi na masizi. Tatu, na hili lilinishangaza, ina maji. Petroli ni kaboni na haidrojeni. Haidrojeni ikiungua huwa maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji! Mengi hutoka na ekzosi kama mvuke, ndiyo maana asubuhi ya baridi ya Julai unaona ekzosi ikidondosha matone. Lakini kiasi fulani hushuka tumboni. Injini ikipata moto vizuri, mvuke huo huondoka. Gari likiwa la safari fupi fupi, stendi hadi sokoni, sokoni hadi hospitali, kisha linazimwa, maji hubaki humo yakachanganyika na oili na masizi. Matokeo yake ni tope zito jeusi, au kwenye kifuniko cha kutilia oili unakuta kitu kama uji wa maziwa.

Basi tumbo hilo lazima lipumue. Lisipopumua, gesi hujazana na shinikizo likapanda. Sili za krenki hazikutengenezwa kuzuia shinikizo. Kazi yake ni kuzuia oili inayorukaruka tu. Gesi ikizisukuma kutoka ndani, oili hutoka pamoja nayo. Unaweza kuweka sili ya dhahabu, itavuja.

Magari ya zamani yalipumua ovyo. Yalikuwa na bomba lililotoka tumboni likaelekea chini, mdomo wake ukaachwa wazi. Gari likikimbia, upepo wa chini ulivuta gesi nje. Gari likisimama, upepo hakuna, na gesi hubaki ndani. Uchafu wote ulimwagwa barabarani na hewani. Huko Los Angeles, jimbo la California, Marekani, moshi wa magari ulifunika jiji hadi watu wakawa wanatokwa na machozi. Katika miaka ya 1950 mwanakemia mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, alionyesha kwamba mvuke wa petroli na gesi za magari zikipigwa na jua ndizo zinazotengeneza ukungu ule. Kuanzia magari ya mwaka 1961, yaliyouzwa California yakawekewa njia ya kurudisha gesi ya tumboni kwenye injini ikaungue tena. Kilikuwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kabisa vya kupunguza uchafu wa magari duniani. Kwa hiyo kile kidude cha shilingi mia sita kilichomtesa baba kilianzia kwenye macho yanayowasha ya watu wa California.

Njia mbili na mlango mmoja

Mfumo wenyewe ni rahisi kuliko jikoni kwa nyanya yangu. Jikoni mwake mna dirisha upande mmoja na tundu la moshi upande wa pili. Hewa safi huingia dirishani, ikakumbana na moshi, wote wakatoka kwa tundu. Injini ya handredi iko vivyo hivyo. Mpira mmoja hutoka kwenye njia ya hewa baada ya ea klina, yaani chujio la hewa, ukaingia kwenye tapeti kava. Hilo ndilo dirisha. Mahali pengine kwenye tapeti kava mna valvu ndogo iliyochomekwa ndani ya mpira wa duara, na kutoka kwake mpira wa pili unaenda kwenye manifodi ya kuingizia hewa. Hilo ndilo tundu la moshi. Valvu hiyo mafundi huiita PCV tu, kwa herufi zake tatu.

Manifodi huvuta kwa nguvu sana injini ikiunguruma mahali pamoja bila kukanyagwa mafuta, kwa kuwa mlango wa hewa umefungwa karibu kabisa na pistoni zinavuta pasipo na kitu. Sasa kama kungekuwa na bomba wazi hapo, injini ingevuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji, ikatetemeka. Kwa hiyo ndani ya valvu mna kipande kidogo cha chuma na springi. Mvuto ukiwa mkali, kipande huvutwa kikabana njia, gesi ikapita kidogo. Ukikanyaga mafuta, mvuto hupungua, springi ikakirudisha kipande na njia ikapanuka, wakati huo huo gesi nayo imeongezeka tumboni. Na injini ikipiga mshindo wa kinyume kupitia manifodi, kipande hurudi nyuma kikafunga kabisa, moto usiingie tumboni mwenye mvuke wa petroli. Hakina waya wala kompyuta. Nilipokielewa nilikaa kitako nikacheka peke yangu. Mzee akaniuliza kama ni jua.

Kupima

Baba alilileta gari siku ya Jumamosi, kwa shingo upande. Mzee alisema hatutagusa ringi wala sili hadi tupime, na kwamba vipimo vyenyewe havihitaji pesa. Navieleza jinsi tulivyovifanya, ili mwenye gari nyumbani naye ajaribu akiwa na mtu mzima. Vua tai ya shule kwanza. Feni na mikanda ya injini haijui kwamba wewe ni mwanafunzi. Na usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, ekzosi huua bila harufu ya kukuonya.

Tulianza na karatasi. Injini ikiwa na moto na inaunguruma polepole, fungua kifuniko cha kutilia oili, weka kipande cha karatasi ya daftari juu ya tundu. Mzee alisema zamani alikuwa anatumia juala jepesi la plastiki, lakini tangu yapigwe marufuku mwaka 2017 karatasi inatosha. Injini inayopumua vizuri huvuta karatasi ikalala juu ya tundu, hasa ukibana kwa vidole ule mpira wa hewa safi. Injini iliyofungwa pumzi huirusha. Yetu iliruka ikaenda kuangukia ndoo ya maji, ikifuatwa na moshi wa rangi ya majivu. Baba akasema, "Si nilikwambia ni ringi."

Hapa, msomaji, ndipo wengi hukosea, na sikatai kwamba nami ningekosea. Moshi ukitoka kwenye tundu la oili una maana mbili. Huenda gesi inayoshuka tumboni ni nyingi mno, yaani ringi zimekwisha kweli. Au huenda gesi ni ya kawaida lakini haina pa kutokea. Dalili za nje zinafanana kama mapacha: oili inavuja, dipstiki inapanda, moshi wa buluu, oili inaisha. Tofauti yake ni shilingi elfu arobaini.

Ili kuwatenganisha mapacha hao, mzee alitoa plagi zote nne, akafunga geji ya kupimia mkandamizo katika tundu moja baada ya jingine huku baba akipiga stata. Silinda zilisoma kati ya 155 na 165, kwa pauni kwa inchi ya mraba. Hakuna iliyoachwa nyuma na wenzake. Ringi zilizokufa hazisomi hivyo. Kama silinda moja ingekuwa chini, angemimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, oili imeziba penye ringi mbovu, basi kosa ni ringi. Kisipopanda, tafuta kosa kwenye valvu za juu au gasketi ya hedi.

Kisha tukaenda kwa PCV yenyewe. Iliyo nzima, ukiichomoa kwenye tapeti kava injini ikiwa inaunguruma na kuweka kidole kwenye mdomo wake, kidole kinavutwa, na unasikia "tak" ndani. Nilipoweka changu hakikuvutwa na kitu. Tukazima injini, nikaitoa kabisa, nikaitikisa karibu na sikio. Nzima hulia kama njugu kavu ndani ya ganda. Yetu ilikuwa bubu. Kipimo cha mwisho ni kupuliza. Ukipuliza kutoka upande unaoingia kwenye injini, hewa hupita bila taabu. Ukipuliza kutoka upande wa manifodi, hupita kwa shida. Nilipuliza pande zote mbili hadi mashavu yakauma. Imejaa kaboni, ngumu kama lami. Na tafadhali, puliza kwa kipande cha mpira safi, wala usithubutu kuvuta. Mabaki ya petroli na oili yaliyo ndani ni sumu. Mimi niliweka mdomo moja kwa moja, nikala chakula cha jioni chenye ladha ya lori.

Lakini mzee hakuridhika. Alisema PCV ikiziba peke yake, gesi hurudi nyuma kwa njia ya ule mpira wa hewa safi, ikatokea kwa ea klina na kuichafua kwa oili. Ea klina ya baba ilikuwa safi. Kwa nini? Alishika ule mpira, akaupapasa, akaufungua klipu. Ndani yake mlikuwa na kipande cha mti kilichochongwa vizuri sana, kimepigwa hadi mwisho.

Tulinyamaza wote. Baba alikohoa. "Ni mimi," akasema. "Mwaka jana oili ilikuwa inaingia kwa ea klina. Nikaona heri nizibe."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na baba ni mtu wa kusikia wahenga. Kumbe hapa alikuwa ameziba pua ya mgonjwa ambaye mdomo tayari umefungwa. Sasa mambo yote yalijipanga yenyewe: PCV iliziba kwanza, gesi ikarudi nyuma na kuchafua ea klina, baba akaziba dirisha, shinikizo likakosa njia, likaanza kusukuma sili, gasketi na dipstiki. Fundi wa kwanza alibadilisha sili mbili nzuri kabisa. Hazikuwa feki.

Kurekebisha

Mimi nilishauri tuioshe valvu ile turudishe. Niliilaza ndani ya petroli usiku kucha na asubuhi ikaanza kulia kidogo. Mzee aliitikisa, akaitupa kwenye debe la vyuma. Alisema kipande kikikwama kikiwa wazi, injini itavuta hewa na oili bila kipimo, na kikikwama kimefungwa tunarudi tulikotoka. Akasisitiza tununue ya injini hiyo hiyo, si yoyote inayoingia kwenye tundu. Springi hupimwa kulingana na injini, na mbili zinazofanana kwa nje huenda hazipitishi hewa sawa.

Kazi kubwa ilikuwa tapeti kava. Ndani yake kuna bati lililopinda la kukinga oili isivutwe pamoja na gesi. Ukibadilisha valvu ukaacha bati hilo likiwa limejaa tope, valvu mpya itaziba haraka. Nililoweka kifuniko kizima kwenye mafuta ya taa, nikakisugua kwa mswaki wa zamani, nikakitikisa, nikarudia. Tope lililotoka lilijaza kopo la nusu kilo. Baadaye tulisafisha pia kitundu cha manifodi ambapo mpira wa PCV huingilia, maana nacho kilikuwa kimebaki kama tundu la sindano. Watu wengi hukisahau.

Sili ya krenki ilibadilishwa mara ya tatu, lakini safari hii mwisho kabisa, baada ya pumzi kufunguliwa. Utaratibu huo ndio kiini cha makala haya yote: njia ya hewa kwanza, sili baadaye. Halafu oili mpya na filta, kwa kuwa ile ya zamani ilinuka petroli.

Hesabu ilikuwa hivi: valvu 650, mpira wake wa duara 100, gasketi ya tapeti kava 700, sili 500, oili na filta 3,000, kazi 3,500. Jumla shilingi 8,450. Baba alihesabu mara mbili. Ng'ombe hakuambiwa kitu.

Sasa kosa langu. Ule mpira wa kutoka PCV hadi manifodi ulikuwa umekauka na kupasuka, na wa dukani ulikuwa shilingi 400. Nikajitia ujanja. Nyumbani kulikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia sukuma wiki, upana ule ule. Nikakikata, nikakifunga, nikajisifu. Mzee hakuwepo siku hiyo. Wiki ya tatu baba akaniita. Gari likisimama, injini inanguruma juu juu, inapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, na chini ya boneti mna mluzi mwembamba. Nilipofungua, mpira wangu ulikuwa umelainika kwa joto na oili, umebonyea kama utumbo, na penye klipu umepasuka. Hewa ilikuwa inaingia manifodi bila kupitia ea klina. Huo ndio upande wa pili wa ugonjwa huu: PCV iliyokwama wazi, au mpira wenye ufa, huleta mngurumo usiotulia na mluzi, mara nyingi bila tone la oili kuvuja. Kwa eneo letu lenye vumbi ni hatari zaidi, kwa sababu kila hewa isiyochujwa huingia na mchanga, na mchanga ndio unaokula ringi. Nilinunua mpira unaostahimili oili na joto. Zikawa 8,850.

Maneno machache kwa wenye magari ya aina nyingine. Injini nyingi za kabureta zina mfumo huu huu, ingawa baadhi hazina valvu. Badala yake kuna kitundu chembamba tu, au wavu wa nyaya ndani ya kifuniko cha kutilia oili, na dawa yake ni kuosha. Malori ya zamani ya dizeli bado utayakuta na bomba linaloangalia chini. Hapo chunguza mdomo wa bomba, kwa sababu nyigu hupenda kujenga humo, na tope la barabara hukauka likawa kizibo. Na ule uji wa maziwa kwenye kifuniko cha oili usikutie hofu upesi, wala usiupuuze. Kama uko juu tu na dipstiki ni safi, huenda ni mvuke wa safari fupi. Kama dipstiki nayo imepata rangi hiyo, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, hilo ni jambo la gasketi ya hedi na makala haya hayatakusaidia.

Nisiseme uongo kwamba handredi limekuwa jipya. Ringi zake zina umri wa injini, na bado linakula oili kidogo. Kabla ya hapo ilikuwa lita kwa wiki, sasa ni kama nusu lita kwa mwezi, na mzee alisema injini ya umri huo ina haki ya kunywa kiasi hicho. Kila oili inapobadilishwa mimi huichomoa PCV, naitikisa, nikisikia njugu nairudisha. Ni kazi ya dakika mbili. Nilipomwambia yule fundi wa kwanza habari ya kipande cha mti, alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniomba nimwonyeshe kile kipimo cha karatasi. Huyo si mtu mbaya. Sili aliziweka sawasawa.

Mvua ya Novemba ilipoanza, ng'ombe wote wawili walikuwa shambani. Usiku baba huweka kadibodi chini ya injini, na asubuhi, kabla ya chai, huiangalia. Juzi palikuwa na tone moja. Aliligusa kwa kidole, akalinusa, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaniita nilione. "Hii ni ya gia," akasema.